Durban: Maua yaliyonyauka na rutuba ya ardhi



Maisha ya ua ni mafupi. Huchumwa alfajiri, huuzwa asubuhi, hutolewa zawadi au sadaka mchana, na kabla jua la siku ya pili halijatua limekwisha kunyauka. Watu wa mwambao, kutoka Lamu hadi Unguja, wanalifahamu jambo hili kupitia kikuba cha asumini na mrehani anachovaa bibi harusi, ambacho kesho yake hakina tena harufu wala anayekihitaji. Makala haya yanalifuata ua baada ya hapo: linakwenda wapi, linadhuru nini, na linaweza kuwa nini tena. Mahali pa kulifuatia ni Durban, bandari kubwa ya Afrika Kusini katika Bahari ya Hindi, mji ambao Wazulu huuita eThekwini.

Mji wa mashada

Tarehe 16 Novemba mwaka 1860 meli iitwayo Truro ilitia nanga Durban ikitokea Madras, ikiwa imewabeba vibarua wa kwanza wa Kihindi walioletwa kwa mkataba kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya Natal. Hadi mpango huo ulipokomeshwa mwaka 1911, watu wapatao 152,000 walikuwa wamevushwa bahari kwa njia hiyo. Wengi wao hawakurudi kwao. Mikataba ilipomalizika walikodi vipande vya ardhi pembezoni mwa mji, wakalima mboga, matunda na maua, wakajenga mahekalu yao.

Katika ibada ya Kihindu ua ni sehemu ya sala yenyewe. Hutungwa katika mashada, huvishwa sanamu, humwagwa miguuni pake, na huvishwa pia mgeni na maharusi. Linalotawala ni marigoldi, ua la manjano au la rangi ya chungwa lenye petali nyingi, jamaa wa ile mbangi-mwitu inayowaudhi wakulima wa nyanda za juu za Kenya. Wakati wa Kavady, wakati wa Diwali, na wakati wa tamasha la magari ya sherehe linalofanyika ufukweni mwa Durban karibu na sikukuu ya Pasaka, maua haya huhitajika kwa wingi mno. Sherehe ikiisha, wingi huo huo hubaki kuwa taka.

Msikilizaji wa Afrika Mashariki anapolisikia jina la Chatsworth, kitongoji cha kusini mwa Durban ambako utawala wa ubaguzi wa rangi uliwahamishia Wahindi kwa maelfu katika miaka ya 1960, huenda asijue kwamba humo wamo pia watu wanaoitwa Wazanzibari. Hao ni wazao wa watumwa waliokombolewa na manowari za Uingereza, wengi wao Wamakua, walioanza kushushwa Durban mwaka 1873 wakitokea Zanzibar. Waliishi kwanza King's Rest, katika eneo la Bluff, hadi sheria ya kutenga makazi kwa rangi ilipowang'oa na kuwapeleka Chatsworth. Huko hekalu na msikiti vimekuwa majirani kwa zaidi ya nusu karne, na taka za wote wawili huishia katika lori moja.

Soko lililonusurika

Kitovu cha biashara ndogondogo mjini Durban ni Warwick Junction, njia panda ya treni, mabasi na teksi. Inakadiriwa kwamba watu 460,000 hupita hapo kila siku, na wachuuzi kati ya 5,000 na 8,000 hujipatia riziki zao. Miongoni mwa masoko yake limo soko la dawa za asili, la muthi kama wasemavyo Wazulu, neno ambalo ni ndugu wa damu wa neno mti la Kiswahili. Limo pia Early Morning Market, yaani soko la alfajiri, lililoanzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya wakulima wa Kihindi, na kuhamia mahali lilipo sasa mwaka 1934.

Mwaka 2009, Afrika Kusini ilipokuwa ikijiandaa kuandaa Kombe la Dunia la mwaka uliofuata, manispaa ilikusudia kulibomoa soko hilo ili pajengwe jumba kubwa la maduka. Wachuuzi waliandamana, mawakili wa haki za umma wakafungua kesi, na hatimaye mpango huo ukaachwa. Soko lilinusurika. Lakini soko lililonusurika namna hiyo haliwezi kuzembea juu ya usafi wake. Rundo linalooza mlangoni huwa hoja mkononi mwa yeyote atakayetaka tena kuliona limeondolewa. Kwa mama anayeuza kabichi na kwa kijana anayesukuma mkokoteni, habari ya taka imefungamana na habari ya haki ya kuendelea kuwapo.

Ndiyo maana jaribio lililoanza pale mwanzoni mwa miaka ya 2020 lina uzito kuliko linavyoonekana. Shirika la Asiye eTafuleni, lililoundwa mwaka 2008 kuwatetea wafanyakazi wa sekta isiyo rasmi, lilishirikiana na shirika la mazingira la groundWork, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Durban na idara za manispaa. Mabaki ya mboga na matunda kutoka Early Morning Market yalianza kutengwa na kupelekwa Durban Botanic Gardens, bustani ya mimea iliyo karibu, yakachanganywa na majani na matawi ya bustani yaliyosagwa ili kuwa mboji. Bustani hiyo iliasisiwa mwaka 1849 na ndiyo kongwe kuliko zote za aina yake zilizosalia barani Afrika. Kile ambacho soko lilikiona kuwa mzigo, bustani ilikihitaji. Na kinachofaa kwa jani la kabichi kinafaa pia kwa ua la marigoldi.

Jaa na mto

Kwa nini lisitupwe tu? Ua ni laini, msikilizaji atasema, na litaoza lenyewe popote litakapoangukia. Litaoza, lakini kuna kuoza kwa namna mbili, na tofauti yake ni hewa.

Ua likifukiwa katika jaa la taka, chini ya tani za plastiki na udongo, hukosa oksijeni. Bakteria wanaoishi pasipo hewa hulimeng'enya na kutoa gesi ya methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 huongeza joto la dunia takriban mara 28 kuliko uzito ule ule wa hewa ya ukaa. Durban inalijua hili vizuri. Jaa la Bisasar Road lilifunguliwa mwaka 1980 katikati ya makazi ya watu huko Clare Estate. Baadaye manispaa ilichimba visima humo ili kuvuna methani na kuzalisha umeme, mradi uliosifiwa katika mikutano ya kimataifa ya tabianchi. Wakazi hawakuusifu wote. Sajida Khan, aliyeishi jirani na jaa hilo, aliongoza upinzani dhidi yake kwa miaka mingi, akitaka lifungwe kama wakazi walivyokuwa wameahidiwa. Alifariki dunia kwa saratani mwaka 2007, jaa likiwa bado wazi. Siku hizi taka za kawaida za mji hupelekwa mbali zaidi, likiwamo jaa la Buffelsdraai karibu na Verulam upande wa kaskazini. Kila kilomita ya lori ni gharama, na kilo moja ya maua mabichi ina maji yapatayo gramu 800 au zaidi. Kwa hiyo mji unalipa mafuta ya dizeli ili kusafirisha maji kwenda kuyazika.

Upo upande wa pili, nao ni wa imani. Kwa Mhindu, ua lililokwisha kutolewa mbele ya mungu halikanyagwi wala halichanganywi na uchafu wa jikoni. India huitwa nirmalya, na desturi ni kulikabidhi kwa maji yatembeayo. Huko Durban wengi huenda kwenye mlango wa mto Umgeni, mahali paitwapo Blue Lagoon, au moja kwa moja baharini. Ua lenyewe halina ubaya mkubwa humo. Ubaya unatokana na vinavyofuatana nalo: uzi wa nailoni, mfuko wa plastiki, nguo, vyombo. Hata maua matupu yakiwa mengi katika maji yaliyotulia hula oksijeni yanapooza, na samaki hukosa pumzi.

Katika miji kadhaa ya India limepatikana suluhisho lisilogombana na dini. Vyombo maalumu vya kupokelea nirmalya huwekwa kando ya mto wakati wa sikukuu, maua hukusanywa kwa heshima, na baadaye hugeuzwa mboji. Hoja wanayopewa waumini ni nyepesi kueleweka: ardhi nayo ni takatifu, na ua lililotoka ardhini linarudishwa kwa mama yake. Mzee wa hekalu akiikubali hoja hiyo, kazi imekwisha nusu. Akiikataa, hakuna pipa litakalosaidia.

Kazi yenyewe

Mboji haipatikani kwa kurundika maua na kungoja. Rundo la maua matupu hulainika, hugandana kama uji, hutoa maji meusi na kunuka vibaya. Sababu ni mbili: unyevu umezidi, na chakula cha vijidudu hakijalingana.

Vijidudu vinavyotengeneza mboji vinahitaji kaboni kwa ajili ya nguvu na naitrojeni kwa ajili ya kujenga miili yao. Uwiano unaovifaa mwanzoni ni sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni. Petali mbichi zina naitrojeni nyingi kwa kulinganisha. Majani makavu, nyasi kavu, maranda na matawi yaliyosagwa yana kaboni nyingi. Kwa kipimo cha ndoo, ndoo moja ya maua kwa mbili za majani makavu ni mwanzo mzuri. Vumbi la mbao litumike kwa uangalifu, kwani kaboni yake ni nyingi mno na rundo linaweza kupoa kwa njaa ya naitrojeni. Pale Warwick, soko la muthi nalo hubakiza maganda na mizizi mikavu, vitu vya kundi hilo hilo la kaboni.

Kabla ya kuchanganya, maua lazima yachambuliwe. Hii ndiyo hatua inayokula muda wa watu, na ndiyo inayoamua thamani ya mboji. Uzi wa pamba unaweza kubaki. Uzi wa nailoni, waya, utepe, karatasi za kung'aa na gundi viondolewe. Ile spongi ya kijani ambamo wapambaji huchomeka maua ya mazishi na harusi ni plastiki: haiozi, hukatika vipande vidogo visivyoonekana na kubaki udongoni. Maua yaliyotiwa rangi yawekwe kando, na poda nyekundu za ibada pia, kwani baadhi ya zile za viwandani zimewahi kukutwa na madini ya risasi. Miti ya waridi ikatwe vipande vifupi, la sivyo itabaki mizima wakati petali zimekwisha kupotea.

Rundo liwe na ukubwa wa mita moja kwenda juu, mita moja upana na mita moja urefu, angalau. Likiwa dogo kuliko hapo joto hutoroka. Unyevu wake hupimwa kwa mkono: fumbata konzi moja na kuikamua, yakitoka matone machache inatosha, yakichuruzika ongeza vitu vikavu. Durban hupata mvua ya karibu milimita 1,000 kwa mwaka, nyingi kati ya Oktoba na Machi. Rundo lisiloezekwa katika miezi hiyo hulowa, na virutubisho vyake huoshwa kwenda kwenye mfereji.

Mambo yakienda sawa, katika siku chache joto la ndani hupanda hadi nyuzijoto 55 au 65 za Selsiasi. Asiye na kipimajoto achomeke fimbo ya chuma katikati ya rundo, aiache kwa dakika kadhaa, kisha aiguse. Ikiwa ni moto kiasi cha kutoweza kuishika kwa muda, vijidudu vinafanya kazi. Joto hilo ndilo linaloua mbegu za magugu na vimelea vya magonjwa. Kanuni inayofuatwa katika nchi nyingi ni kudumisha nyuzi 55 kwa siku 15 katika marundo ya wazi, na kuyapindua angalau mara tano katika siku hizo, ili kilichokuwa nje kipate zamu ya kuingia ndani. Kupindua pia huingiza hewa, na hewa ndiyo inayotofautisha mboji na jaa.

Ilipo subira

Wengi hukosea hapa. Joto likishuka, rundo likiwa limepungua hadi nusu yake au chini ya hapo, na rangi imekuwa ya kahawia iliyokoza, mtengenezaji huona kazi imekwisha. Anaifunga katika magunia na kuiuza. Mkulima anaitia kwenye kitalu cha nyanya, na baada ya wiki moja miche imegeuka manjano.

Mboji hiyo haikuwa imetulia. Vijidudu vilikuwa bado vinakula, na vilipofika shambani vilinyang'anyana naitrojeni na miche, vikatumia oksijeni ya udongo, huku tindikali na amonia zilizobaki zikiunguza mizizi. Baada ya kipindi cha joto panahitajika kipindi cha kupevuka, wiki nne hadi nane au zaidi, ambapo kuvu na minyoo humalizia kazi polepole. Kwa hali ya hewa ya Durban, safari yote yaweza kuchukua miezi mitatu hadi minne.

Kuna njia za kuipima bila maabara. Pindua rundo na kulinyunyizia maji: likipanda joto tena, bado. Tia konzi ya mboji yenye unyevu katika mfuko uliofungwa kwa wiki moja: ukiufungua ikanuka chachu au amonia, bado, ikinukia kama ardhi baada ya mvua, imeiva. Mwisho, panda mbegu za figili au maharage katika mboji hiyo na nyingine katika udongo wa kawaida, uone zipi zinaota vizuri. Kipimo hiki cha tatu hufichua pia hatari isiyoonekana kwa macho. Ipo dawa ya magugu iitwayo klopiralidi ambayo huvumilia joto la rundo, na hata kiasi kidogo chake hupotosha majani ya nyanya na maharage. Kwa maua ya mashamba makubwa, ambayo hupuliziwa dawa nyingi, kupima ni wajibu.

Hesabu bila kutia chumvi

Je, mboji ya maua ni tajiri kwa virutubisho? Ni tajiri, lakini utajiri wake haufanani na wa mbolea ya gunia. Mboji nzuri huwa na naitrojeni ya asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake mkavu. Tani moja yenye asilimia 1.5 ina kilo 15 za naitrojeni, nazo hutoka kidogo kidogo kwa miaka kadhaa. Gunia moja la kilo 50 la urea lina kilo 23, tena za haraka. Anayemwambia mkulima wa mahindi kwamba mboji pekee itachukua nafasi ya urea shamba zima anamdanganya.

Faida yake kubwa iko kwingine. Sehemu kubwa ya Durban imekalia mchanga mwekundu wa mgongo wa Berea, udongo usioshika maji wala chakula cha mimea. Mboji huufunga mchanga huo, hushikilia maji kati ya mvua na mvua, na huzuia virutubisho visioshwe. Mwezi Aprili mwaka 2022 mafuriko yaliua zaidi ya watu 400 katika jimbo la KwaZulu-Natal, na miteremko mingi iliporomoka. Mboji haizuii gharika ya namna ile, lakini ardhi iliyovaa mimea yenye mizizi imara hunywa maji mengi kuliko ardhi tupu. Na bei za mbolea za viwandani zilipopanda mwaka huo huo kufuatia vita vya Urusi na Ukraine, wenye bustani ndogo za mboga walijionea thamani ya rutuba isiyopita bandarini.

Suala hili si la Durban peke yake. Mwezi Machi mwaka 2020, janga la korona lilipofunga masoko ya Ulaya, wakulima wa maua wa Kenya walilazimika kuyatupa mawaridi yaliyokuwa tayari kusafirishwa. Kando ya Ziwa Naivasha mabaki ya maua ni jambo la kila siku, kwani kwa kila shina linalofika sokoni yapo majani na mashina yanayobaki nyuma. Mahekalu ya Mombasa, Dar es Salaam na Kampala nayo yana mashada yao. Kanuni za kaboni, hewa na subira ni zile zile.

Lililobaki ni swali la nani atafanya kazi na nani atalipwa. Kuchambua nyuzi kutoka katika maua ni kazi ya mikono, na mara nyingi huangukia wanawake na wazoa taka ambao majina yao hayaandikwi katika ripoti yoyote. Manispaa inaokoa nauli ya lori na nafasi katika jaa. Bustani inapata mboji. Hekalu linapata dhamiri safi. Mradi ambao hautenganishi sehemu ya akiba hiyo kwa ajili ya wale wanaochambua hudumu muda ule tu ambao fedha za mfadhili zinadumu. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, lakini anayejaza naye hula.

Kwa mwenye ua dogo nyumbani, hakuna haja ya kungoja manispaa. Shada la harusi lililonyauka, majani makavu ya mwembe, pembe yenye kivuli na miezi minne ya subira vinatosha kuanza.